Katuni za mapenzi

Katuni za mapenzi ni aina ya vitabu vya katuni vinavyosimulia uchumba, wivu, mashaka ya moyo na maisha ya ndoa changa. Aina hii ilianza nchini Marekani mwaka 1947 na kustawi hadi miaka ya 1970. Wasomaji wake wengi walikuwa wasichana na wanawake vijana.

Chanzo

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, katuni za mashujaa wenye nguvu za ajabu zilianza kupoteza wasomaji. Joe Simon na Jack Kirby, waliobuni mhusika Captain America, waliona kwamba magazeti ya maungamo kama *True Story* yalipendwa sana na wanawake, lakini hapakuwa na katuni za namna hiyo. Wakaanzisha *Young Romance*, ambayo toleo lake la kwanza lina tarehe ya Septemba–Oktoba 1947. Ilitolewa na kampuni ya Crestwood kwa mapatano ya kugawana faida nusu kwa nusu. Mwaka 1949 waliongeza *Young Love*.

Mafanikio yao yaliigwa haraka. Kufikia mwaka 1950 kulikuwa na majarida ya aina hii zaidi ya 100. Soko likafurika, na mengi yalikoma baada ya matoleo machache tu.

Maudhui

Hadithi nyingi zilisimuliwa na msichana mwenyewe, kana kwamba anaungama kosa lake, ingawa waandishi wengi walikuwa wanaume. Msichana huvutwa na mwanamume tajiri au mhuni, humdharau kijana mwaminifu wa jirani, kisha hujuta. Hadithi za ndoa changa zilihusu ugomvi wa fedha, mama mkwe, wivu, na mke anayejiuliza kama alichagua vema. Karibu zote ziliishia kwa busu, posa au kupatana.

Hata hivyo, hadithi za miaka ya mwanzo zilithubutu kugusa tofauti za kitabaka na wasichana waliotoroka nyumbani. Wahusika walikuwa karibu wote Wazungu. *Negro Romance* ya kampuni ya Fawcett (1950), iliyohusu Wamarekani Weusi, ilitoka mara tatu tu.

Kanuni za 1954

Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alichapisha kitabu kilichodai kwamba katuni zinaharibu watoto, na kamati ya Seneti ikasikiliza ushahidi juu ya jambo hilo. Kwa kuogopa sheria ya serikali, wachapishaji waliunda chombo chao cha udhibiti. Kanuni zake zilitaka hadithi za mapenzi zisisitize thamani ya nyumba na utakatifu wa ndoa. Talaka haikuruhusiwa kufanyiwa mzaha wala kuonyeshwa kuwa jambo la kutamanika.

Matokeo yake, mashaka ya kweli yalipungua kurasani. Mke asiye na furaha hakuweza tena kuondoka. Ilibidi agundue kwamba kosa lilikuwa lake au kwamba alielewa vibaya.

Wachoraji

Matt Baker, mmoja wa wachoraji Weusi wa kwanza kufahamika katika katuni za Marekani, alisifiwa kwa kazi zake katika kampuni ya St. John. John Romita alichora hadithi za mapenzi kwa miaka mingi kabla ya kuanza kumchora Spider-Man mwaka 1966.

Kushuka na urithi

Televisheni, udhibiti na mabadiliko ya mila kuhusu wanawake vilipunguza wasomaji. *Young Romance*, iliyonunuliwa na kampuni ya DC mwaka 1963, ilikoma mwaka 1975 baada ya matoleo 208. *Young Love* ilifuata mwaka 1977.

Picha zake zilidumu kwa njia nyingine. Msanii Roy Lichtenstein alichukua vipande vya katuni hizo na kuvikuza kuwa michoro mikubwa. *Drowning Girl* (1963), iliyoko katika jumba la sanaa la MoMA mjini New York, inatokana na picha ya Tony Abruzzo katika jarida *Secret Hearts*.