Breki Inayolia kwa Kukosa Kazi

Ukishuka mteremko wa Chidya au Newala, harufu ya breki si unaijua? Hiyo ni nguvu inayopotea. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 300 linaachia kama uniti 1.2 za umeme, na nyingi zinaishia kuwa joto kwenye pedi na diski.

Wazo la kuiokoa nguvu hiyo si la jana. Miaka ya 1890, Louis Krieger wa Paris aliunda magari ya umeme ambayo mota iligeuka jenereta wakati wa kupunguza mwendo. Uingereza, John Raworth akalipeleka wazo hilo kwenye tramu. Ila baada ya ajali ya tramu Rawtenstall mwaka 1911, serikali ikauzuia mfumo wake. Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani 1997, ikaufanya kitu cha kawaida.

Lakini ukijaza betri Newala kisha ukaanza kushuka, umeme wa mota hauna pa kwenda. Breki za kawaida ndizo zitakazokushika. Nazo, kwa kukaa bila kazi, diski hushika kutu, kalipa hukwama, kelele zinaanza. Kwa hiyo pedi nene zisikudanganye: mwambie fundi azifungue, azisafishe, kabla hujauona mteremko.