Nukta Zisizo na Nyota

Wazee wetu husema ya kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Mtu akifanikiwa, husemwa ana nyota. Akiharibikiwa mara kwa mara, husemwa nyota yake imefifia. Bila shaka wewe msomaji umekwisha kuyasikia maneno hayo, na labda umesoma gazetini bahati ya juma lako. Lakini je, wajua ya kuwa wanajimu wa zamani, walipopiga hesabu ya kuzaliwa kwa mtoto, hawakutazama nyota peke yake? Walitafuta pia nukta fulani za mbingu ambazo hazina nyota wala sayari yo yote, na nukta hizo waliziogopa au kuzitumaini sawasawa na nyota zenyewe. Natutazame mbili katika hizo, yaani Joka la mwezi na Fungu la Bahati, tupate kujua lipi ndani yake ni elimu na lipi ni dhana.

Kwanza yafaa tufahamu ramani yenyewe ya kuzaliwa. Katika karne ya tano kabla ya Kristo, wataalamu wa Babeli waliigawanya njia ya jua mafungu kumi na mawili, kila moja lenye digrii 30. Hayo ndiyo buruji, nasi pwani yetu tulipokea majina yake kwa njia ya Kiarabu: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Vibao vya udongo vya kale kabisa vyenye hesabu ya nyota za mtoto aliyezaliwa ni vya mwaka 410 K.K. Baadaye wanajimu wa Misri walioandika kwa Kigiriki waliitia nguvu sana nukta ya machomozo, yaani digrii ile ya buruji inayotokeza upande wa mashariki wakati mtoto anapozaliwa. Hapo wakaanza kutafuta nukta nyingine.

Basi tulitazame Joka. Njia ya mwezi hailingani na njia ya jua. Imeinama kiasi cha digrii 5. Kwa hiyo njia hizo mbili hukatana mahali pawili. Waarabu na Waajemi walipaita Kichwa cha Joka na Mkia wa Joka. Wahindi walipaita Rahu na Ketu, na masimulizi yao yasema Rahu alikuwa jini aliyekunywa kwa wizi kinywaji cha uzima, akakatwa kichwa. Tangu siku hiyo kichwa hicho hulifukuza jua na mwezi ili kuvimeza.

Usiyacheke masimulizi hayo, msomaji, maana ndani yake mna jambo la kweli. Jua haliwezi kupatwa, wala mwezi hauwezi kupatwa, ila karibu na nukta hizo mbili. Mahali pengine po pote mwezi hupita juu mno au chini mno. Aryabhata, mwanachuoni wa Bara Hindi, alieleza katika kitabu cha karibu mwaka 499 ya kuwa kupatwa huletwa na kivuli cha dunia na kivuli cha mwezi, wala si kwa kumezwa na jini. Nukta hizo nazo hazikai pahali pamoja. Hurudi nyuma polepole katika buruji, na huzunguka mbingu nzima kwa muda wa miaka 18 na zaidi ya nusu. Sisi wa Kenya tumeyaona hayo kwetu. Tarehe 30 Juni, 1973, jua lilipatwa lote kaskazini mwa nchi, kwenye ziwa lililoitwa Rudolf wakati huo, ambalo leo ni Ziwa Turkana. Siku ile jua lilikuwa karibu na Mkia wa Joka. Tarehe 3 Novemba, 2013, giza lilirudi katika sehemu hizo hizo, na safari hiyo jua lilikuwa karibu na Kichwa.

Fungu la Bahati ni jambo la namna nyingine. Lenyewe halina alama yo yote mbinguni. Ni nukta iliyopatikana kwa hesabu tu. Mnajimu hupima umbali kutoka jua hadi mwezi, kisha huhesabu umbali ule ule kuanzia machomozo. Hapo hesabu inapokoma ndipo lilipo Fungu. Katika karne ya pili B.K., Vettius Valens wa Antiokia aliyafafanua sana mafungu ya namna hii. Mwaka 762, Khalifa al-Mansur alipotaka kujenga Baghdad, aliwaita wanajimu, miongoni mwao Nawbakht na Mashallah, wamchagulie saa njema ya kuweka msingi. Katika mji huo elimu ya Wagiriki, Waajemi na Wahindi ilikutana, na mafungu yakaongezeka: la ndoa, la watoto, la safari, la ugonjwa. Al-Biruni, alipoandika kitabu cha kuwafundisha wanaoanza mwaka 1029, alitaja 97, lakini akaonya ya kuwa haiwezekani kuyamaliza kwa kuyahesabu, maana yaongezeka kila siku. Vitabu vya Baghdad vilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, watu wa Ulaya waliyaita mafungu ya Waarabu, ingawa shina lake lilikuwa kwa Wagiriki.

Sasa chukua kalamu, tufanye hesabu pamoja. Mtoto amezaliwa usiku. Machomozo yako digrii 15 za Hamali, jua liko digrii 10 za Asadi, na mwezi uko digrii 20 za Mizani. Kutoka jua hadi mwezi ni digrii 70. Ptolemy wa Iskandaria, aliyeishi katika karne ile ile ya Valens, asema hesabu ni moja usiku na mchana. Basi twahesabu 70 kwenda mbele kutoka machomozo, tukafika digrii 25 za Jauza. Lakini Valens na wengine wengi wasema ya kuwa usiku sharti hesabu igeuzwe, tuanze kwa mwezi. Basi twarudi nyuma 70, tukafika digrii 5 za Dalu. Mtoto ni mmoja, saa ni moja, na bahati ni mbili!

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Wanaobishana juu ya mahali pa Joka waweza kungoja siku ya kupatwa, nayo mbingu yenyewe itawaamua. Wanaobishana juu ya Fungu la Bahati hawana mwamuzi. Ibn Khaldun aliliona jambo hili. Katika Muqaddima, aliyoiandika mwaka 1377, alishikilia ya kuwa unajimu hauna msingi imara, na ya kuwa hudhuru watu na dola, maana utabiri ukisadifu mara moja tu watu huuamini wote. Hata hivyo hakuidharau kazi ya kupima mienendo ya nyota. Na kwa kweli wapimaji hao ndio waliotuachia jedwali na vyombo ambavyo kwavyo mabaharia walijua njia, na misikiti ikajua nyakati za sala.

Ewe msomaji, utakutana na mtu atakayekuambia kwamba masomo yako au ndoa yako imekwisha kuandikwa katika nukta fulani. Usimtukane, kwa kuwa huenda anarudia elimu iliyopitia Babeli, Misri na Baghdad kabla ya kumfikia. Lakini muulize kwa adabu: nukta hiyo imehesabiwaje? Kwa kanuni ya nani? Na kama kanuni zikipingana, nani ataamua? Akikosa jibu, rudi kwenye vitabu vyako kwa moyo mkunjufu. Mahali pa mwezi twaweza kupajua miaka mia kabla; lakini mahali pako katika maisha hapajaandikwa na hesabu ambayo mabingwa wake wawili walishindwa kukubaliana.