Mikondo ya PHP na bwawa la Gitaru

Wadau, leo tuangalie historia ya kitu ambacho wengi wetu tunaoandika PHP tunakitumia kila siku bila kukijua: mikondo ya data na bafa zake.

Bafa ni hifadhi ndogo ya katikati. Data inatoka kwenye diski au mtandaoni, inakaa hapo kidogo, kisha inaendelea na safari. Sisi wa Meru na Embu hatuhitaji mchoro, tuna Mto Tana. Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, lina nafasi ya takriban mita za ujazo bilioni 1.56, lakini mitambo yake ni ya megawati 40 tu. Chini yake, ukishapita Kamburu, liko Gitaru la mwaka 1978. Hilo hubeba kama mita za ujazo milioni 20, kidimbwi tu, na bado mitambo yake ina uwezo wa megawati 225! Halihitaji kuumeza mto mzima. Maji yanaingia, yanatoka, na akiba inakaa juu kule Masinga. Kwenye seva, Masinga ni diski na Gitaru ni kumbukumbu.

Rasmus Lerdorf alitoa PHP kwa umma mwaka 1995. Toleo la 4, mwaka 2000, lilileta ob_start, yaani bafa ya kile kinachotoka kwenda kwa msomaji. Lakini upande wa kusoma, faili zilikuwa na njia zao na soketi zilikuwa na zao. Mabadiliko makubwa yalikuja na 4.3.0, Desemba 2002, kwa kazi iliyoongozwa na Wez Furlong: njia moja ya mikondo kwa faili, soketi, anwani ya http na hata faili iliyobanwa. Kipande cha kawaida ni baiti 8192.

Hii haikuwa anasa. Kabla ya 5.2, kikomo cha kumbukumbu kwa kila skripti kilikuwa megabaiti 8. Na Kenya ilitegemea setilaiti hadi nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009. Mtu wa Embu akishusha faili polepole, skripti iliyobeba faili zima inaendelea kulibeba hadi amalize. Watu kumi wakifanya hivyo, seva imejaa.

Siku hizi kikomo cha kawaida ni megabaiti 128, na ndiyo maana ugonjwa umerudi. Mteja wangu mmoja alirithi mfumo wa malipo ya wakulima wa kahawa uliosoma orodha yote kwa file_get_contents. Kila orodha ilipokua, mfumo ulianguka siku ya malipo, na wakulima wakangoja. Dawa ilikuwa mistari michache:

$f = fopen('malipo.csv', 'rb');
while (ob_get_level() > 0) ob_end_clean();
while (!feof($f)) {
    echo fread($f, 8192);
    flush();
}
fclose($f);

Mstari wa pili ndio watu husahau. Ob_start ikiwa imewashwa mahali fulani, vipande vyako vyote vinarundikana humo na umerudi ulikotoka.

Ile 'b' je? Windows hutenganisha faili za maandishi na nyingine, na zamani ilikuwa inaharibu picha kwa kugeuza miisho ya mistari. Tangu 4.3.2 PHP yenyewe huchagua 'b', lakini mimi bado naiandika. Herufi moja haigharimu kitu. PHP_EOL nayo hutumiwa vibaya sana. Inafuata seva ilipo, si msomaji alipo. Ukiandika faili la kufunguliwa kwenye Windows ya ofisini Embu kutoka seva ya Linux, andika "\r\n" mwenyewe.

Jambo la mwisho, kwa wanaosoma kutoka soketi: ukiomba baiti 8192 unaweza kupewa 1400, kwa sababu fread hurudisha kilichokwisha kufika. Usihesabu mizunguko, hesabu baiti kwa strlen.