Miswada Mitatu ya Newala: Aina ya Andiko ni Ahadi kwa Msomaji

Tabibu mmoja kijana, aliyewahi kukaa katika darasa langu la historia ya sayansi, alinijia mwaka jana na mswada wa kurasa ishirini. Aliniomba nimsahihishie lugha kabla hajaupeleka kwenye jarida la kitabibu. Kichwa chake kilitangaza utafiti kuhusu ukubwa wa ugonjwa fulani katika mkoa mzima. Nilipofika kwenye sehemu ya matokeo nikasita.

"Wagonjwa wenyewe umewaona wangapi?"

"Watatu, Dokta."

"Na mkoa mzima umeupata wapi?"

Alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Baadaye alinieleza kwamba mahali anapofanyia kazi, taarifa ya wagonjwa watatu haihesabiwi kitu wakati wa kupandishwa cheo. Kinachohesabiwa ni "utafiti". Basi akaivalisha taarifa yake joho la utafiti.

Mimi si daktari wa tiba. Kazi yangu ni kusoma maandiko ya madaktari waliokwisha kutangulia. Lakini ni maandiko hayo yaliyonifundisha kwamba aina ya mswada si suala la mapambo. Mwandishi anapochagua aina, anamwahidi msomaji kiasi cha ujuzi alichonacho. Ndugu msomaji, niruhusu nikupeleke Newala, kusini mwa Tanzania, ambako somo hili liliandikwa miaka sabini iliyopita.

Mwaka 1952 na 1953, wakati nchi yetu ikiitwa Tanganyika, homa ya ghafla ilienea katika Uwanda wa Makonde. Aliyepatwa aliumwa viungo kiasi cha kushindwa kujigeuza kitandani bila kusaidiwa. Wenyeji waliuita ugonjwa huo kwa lugha yao chikungunya, neno ambalo hufasiriwa kuwa kile kinachomkunja mtu. Leo neno hilo la Kimakonde limo katika vitabu vya tiba duniani kote.

Mlipuko huo mmoja ulizaa makala tatu za kisayansi zilizofuatana. Ya kwanza, ya Marion Robinson, ilichapwa mwaka 1955 katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Tiba na Usafi ya Nchi za Tropiki, huko Uingereza. Ilieleza dalili: homa inaanzaje, maumivu yanashika wapi, mgonjwa anakuwa katika hali gani. Ya pili, ya W. H. R. Lumsden, ilitoka mwaka huohuo katika jarida hilohilo. Yeye alitazama jamii badala ya kitanda: ugonjwa ulivyosambaa, makazi ya watu na mbu waliomo humo. Uwanda ule una shida ya maji, na watu walilazimika kuyahifadhi katika vyombo nyumbani. Vyombo hivyo ni mazalio mazuri ya mbu aina ya Aedes aegypti. Ya tatu, ya R. W. Ross, ilichapwa mwaka 1956 katika jarida jingine, ikieleza kirusi chenyewe, jinsi kilivyotengwa katika maabara na uhusiano wake na mlipuko ule.

Tazama mgawanyo huo. Kila mswada uliulizwa swali lake na ukajibu hilo tu. Maelezo ya dalili hayawezi kuthibitisha kirusi, na panya wa maabara hawezi kueleza kwa nini nyumba fulani iliugua. Lau Robinson angengoja mpaka ayajue yote, madaktari wengine wangekosa picha ya ugonjwa. Na lau angejidai kuyajua yote, tungekuwa na makala moja ndefu isiyoaminika. Maelezo ya kitandani yalikuwa na heshima yake bila kuazima joho la maabara.

Hata barua fupi ina heshima hiyo. Tarehe 16 Desemba 1961 jarida la The Lancet lilichapa barua ya daktari wa uzazi wa Australia, William McBride, kuhusu dawa ya thalidomide. Aliandika kwamba ameona ulemavu mkubwa kwa watoto wa kina mama waliotumia dawa hiyo wakiwa wajawazito, kisha akauliza kama wasomaji wengine wameona jambo kama hilo. Ujerumani, Widukind Lenz alikuwa ametoa tahadhari yake wiki chache kabla, na dawa ilikuwa imeanza kuondolewa sokoni. Barua ya McBride haikudai kuwa imethibitisha. Ilipiga mbiu ya mgambo, na hiyo ndiyo kazi ya barua. Miaka mingi baadaye daktari huyohuyo aliandika makala ya utafiti kuhusu dawa nyingine, na ikabainika kwamba alighushi data. Mwaka 1993 alifutiwa usajili wa udaktari. Barua iliyouliza kwa unyofu ilimjengea jina, na makala iliyojidai kuwa na ushahidi usiokuwapo ikalibomoa.

Lakini aina ya andiko inaweza kusalitiwa na msomaji pia. Januari 1980, The New England Journal of Medicine lilichapa barua ya sentensi tano ya Jane Porter na Hershel Jick wa Boston. Walisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliolazwa hospitalini na kupewa dawa za kulevya za kutuliza maumivu angalau mara moja, walikuta wanne tu wenye uraibu uliothibitishwa vizuri miongoni mwa wasiokuwa na historia ya uraibu. Barua haikuzungumzia mtu anayepewa vidonge hivyo nyumbani kwa miezi. Hata hivyo, jarida hilohilo lilipochapa uchambuzi mwaka 2017, ilionekana kwamba barua ile ilikuwa imenukuliwa mara 608, na takriban asilimia 72 ya walioinukuu waliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra. Wengi hawakutaja kabisa kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Sentensi tano zilibebeshwa mzigo wa utafiti mkubwa, na Marekani ingali inazika watu kwa janga la dawa hizo.

Kutokana na hatari za namna hii, majarida ya tiba yaliweka utaratibu polepole. Muundo wa utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala, tunaoufundisha leo kana kwamba umeshuka pamoja na mvua, ulienea katika majarida makubwa ya tiba katika karne ya 20 tu. Mwaka 1978 wahariri wachache walikutana Vancouver, Kanada, wakakubaliana masharti ya pamoja ya kuandaa miswada. Kutokana na kikao hicho ikakua kamati ya kimataifa ya wahariri ambayo miongozo yake inafuatwa hadi leo. Miongozo hiyo inamtaka anayeitwa mwandishi awe amechangia kazi kwa kiwango kikubwa, ameshiriki kuiandika au kuihakiki, ameridhia toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa yaliyomo. Mkuu wa idara anayedai jina lake litangulie kwa sababu ofisi ni yake hana sharti hata moja kati ya hayo.

Kwa hiyo, wewe mwanafunzi au mtumishi wa afya unayekusudia kuandika, anza kwa kujiuliza nina nini mkononi. Ukiwa na mgonjwa mmoja au wachache wenye jambo lisilo la kawaida, andika taarifa ya wagonjwa: eleza dalili, vipimo, tiba na mwisho wake, pata ridhaa yao, ficha utambulisho wao, wala usitaje asilimia za mkoa. Ukiwa na swali ulilolipanga kabla ya kukusanya data, pamoja na kibali cha maadili na mbinu ambayo mwenzako anaweza kuirudia, hiyo ni makala ya utafiti. Kama ni jaribio la tiba, lisajiliwe kabla mgonjwa wa kwanza hajaingizwa. Ukitaka kupima yaliyoandikwa na wengine, andika mapitio, nawe ueleze ulitafuta wapi na kwa nini umeyaacha uliyoyaacha. Ukiwa na tahadhari au hoja juu ya makala iliyokwisha kuchapwa, andika barua. Ikisiri iandike mwisho, isije ikaahidi yasiyomo ndani.

Baada ya hayo napenda kusema na wale wanaokaa katika kamati za vyeo, nami nimewahi kukaa humo. Tunapompa alama anayeandika "utafiti" na kumnyima aliyeandika taarifa ya uaminifu ya wagonjwa watatu, tunawafundisha vijana wetu kusema uongo kwa sarufi nzuri. Uongo huo haubaki kabatini. Unaingia katika mapitio, mapitio yanaingia katika mwongozo wa tiba, na mwongozo unafika zahanati ambako muuguzi mmoja anautegemea saa nane za usiku. Huyo hana nafasi ya kuuliza mkoa mzima ulipatikana wapi.

Yule tabibu alirudi baada ya wiki tatu. Kurasa ishirini zimekuwa nne. Kichwa kinasema wagonjwa watatu, hospitali moja, na miezi walipoonekana. Katika aya ya mwisho anawauliza wenzake wa hospitali za jirani kama wameona hali kama hiyo. Nilisahihisha koma mbili tu. Alipokuwa akiondoka aliniuliza kama nadhani itamsaidia kupanda cheo. Nilimjibu kwamba sidhani, na kwamba kosa hilo ni letu sisi wazee wa kamati, si lake.