Kuchagua mawe ya sakafu: nenda dukani na ndimu mfukoni

Kila msimu wa korosho ukiisha, simu yangu haitulii. Ndugu na jamaa wa Mkunya wameshalipwa, nyumba imeshaezekwa, sasa wanauliza: "Kaka, tunataka kuweka marumaru, tuchukue ipi?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, nayaandika hapa yote.

Kwanza tuelewane kwenye jina. Madukani kwetu neno "marumaru" limekuwa la kila kigae. Ukilitaja, mara nyingi unaletewa kigae cha kiwandani, udongo uliochomwa. Hapa nazungumzia jiwe lenyewe, lililokatwa kutoka mwambani: granaiti, marumaru ya kweli, jiwe la chokaa, jiwe la mchanga. Hayafanani tabia hata kidogo, na mtu akikwambia "mawe ni mawe" ujue hajawahi kulipia.

Mimi nimelipia. Msimu wa 2017/18, korosho ilipofika karibu shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, tulichanga na wadogo zangu tumalizie nyumba ya bi mkubwa. Mwuzaji mmoja mjini akanionyesha jiwe jeusi linang'aa kama kioo. "Granaiti hiyo, bosi, haifi leo wala kesho." Nikachukua la barazani na la meza ya jikoni. Masika ya 2018 bi mkubwa akateleza barazani mvua ilipopiga ndani, mkono ukavunjika. Oktoba mabibo yakaanza, akayakamulia kwenye ile meza. Kila tone lilipodondoka likaacha doa jeupe lisilong'aa. Tulisugua mpaka tukachoka. Kumbe haikuwa granaiti, ilikuwa jamii ya chokaa iliyong'arishwa.

Hapo ndipo ndimu inapoingia. Marumaru, jiwe la chokaa na mawe ya matumbawe tunayoyaona kwenye majengo ya kale ya Kilwa na Mikindani, asili yake ni ileile ya chokaa. Asidi inayala. Omba kipande cha sampuli, kikwaruze pembeni, kamulia ndimu. Likitoa povu dogo au baada ya dakika chache likapoteza mng'ao, hiyo si granaiti, hata risiti ikiandika hivyo. Kuna mawe ya jamii hiyo yanayotoa povu kwa shida, kwa hiyo usiondoke haraka, lifute ulitazame kwenye mwanga. Muuzaji akikataa sampuli yake isiguswe ndimu, jibu umeshalipata.

Si kwamba marumaru ni jiwe baya. Ukutani sebuleni linapendeza sana. Ila jikoni kwa watu wanaotumia ndimu, ukwaju na mabibo, hapana. Chooni nako angalia, maana dawa nyingi za kusafishia choo zina asidi, siku moja tu zinaliharibu.

Jaribio la pili ni kisu. Marumaru inachubuka kwa ncha ya kisu, granaiti haichubuki kirahisi. Kwa nini hili ni kubwa kwetu kuliko kwa mtu wa Dar? Kwa sababu uwanda wa Makonde ni mchanga mtupu. Unaingia na ndala, na baiskeli, na magunia ya korosho. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha kisu, na kila hatua inakuwa kama msasa. Sakafu ya marumaru ya mlangoni inapoteza mng'ao mapema. Ukiipenda sana, weka chumbani, na mkeka mrefu mlangoni.

La tatu ni maji. Weka tone juu ya jiwe kavu, subiri dakika kumi. Likinywewa na pakabaki giza, jiwe lina vinyweleo wazi, litakunywa na mafuta ya taa, mchuzi, na yale mafuta ya ganda la korosho yanayobabua mikono. Jiwe la mchanga, kama lile la Mazeras ambalo Wakenya wanalipenda uani, ndivyo lilivyo. Linahitaji kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo kabla ya kutumika, na kurudiwa baada ya muda. Mimi kwa Newala nashauri jiwe linalosafishika kwa ufagio na kitambaa chenye unyevu tu. Maji yetu yanasukumwa kutoka bondeni kule Mitema hadi huku juu, na siku yasipokuja tunategemea kisima cha mvua. Nani atamwaga ndoo nne kuosha baraza?

Barazani na bafuni usichukue jiwe lililong'arishwa, hata liwe granaiti halisi. Uliza lenye uso mkavu, uliochomwa au kuparuzwa. Halipendezi kwenye picha lakini mguu unashika. Mwaga maji dukani ukanyage, wacha wakucheke.

Halafu piga hesabu ya uzito kabla ya gari. Granaiti ya unene wa milimita 20 ina takriban kilo 54 kwa mita moja ya mraba. Baraza ya mita 12 tu ni karibu kilo 650, bila saruji. Huku juu uwandani hatuna mwamba mgumu wa kukata. Miamba tunaiona Masasi kwenye ile milima, nako wengi wanagonga kokoto. Kwa hiyo nauli inaweza kukushangaza. Agiza kama asilimia kumi zaidi kwa ajili ya yatakayovunjika, maana ukirudi mwezi ujao rangi haitafanana. Yapange yote chini uwanjani kwanza, uyaone kwenye jua, ndipo fundi aanze.

Fundi naye asimamiwe. Asiweke madonge matano ya saruji na kulaza jiwe juu yake. Chini panabaki uwazi, ukidondosha mchi linapasuka. Kesho yake gonga kila jiwe kwa sarafu, linalolia kama debe ling'olewe. Mawe meupe yalazwe kwa saruji nyeupe, ya kijivu huweza kupenya na kuacha kivuli.

Pesa ikiwa ndogo, terazo ya fundi mzuri ni vipande vya mawe ndani ya saruji, na mimi naona inazidi jiwe la bei poa. Ila kama vipande ni vya marumaru, ndimu inaila vilevile.

Ya barazani tuliing'oa. Ya jikoni bado ipo, bi mkubwa kaitandikia plastiki ya maua. Wadau wa Newala, Tandahimba na Masasi, aliyeweka jiwe lenye uso mkavu miaka kadhaa iliyopita atuambie limekaaje, na nauli alilipa ngapi.