Maikrowevu

Maikrowevu (pia: oveni ya mikrowevu) ni chombo cha umeme cha jikoni kinachopasha chakula moto kwa mawimbi ya sumakuumeme, badala ya mwali wa moto au waya wenye joto. Majumbani hutumika hasa kupasha kiporo, kuyeyusha chakula kilichogandishwa na kupika kwa haraka vyakula vyenye maji mengi.

Chombo hiki hakifai kwa kila pishi. Chakula hakipati rangi ya kahawia kama cha kuchoma au kuoka, na joto halienei sawasawa kila mahali. Kwa sababu hiyo matumizi yake mazuri na salama hutegemea mambo matatu: kufunika chakula, kukikoroga au kukigeuza, na kukiacha kitulie kabla ya kuliwa.

Namna inavyofanya kazi

Ndani ya maikrowevu kuna kifaa kiitwacho magnetroni kinachogeuza nguvu ya umeme kuwa mawimbi. Maikrowevu za nyumbani hutumia masafa ya takriban gigahezi 2.45, yaani mawimbi yenye urefu wa sentimita 12 hivi. Mawimbi hayo hupita katika kioo, kauri, karatasi na aina nyingi za plastiki. Hurudishwa na metali. Na hufyonzwa na maji.

Molekuli ya maji ina upande mmoja wenye chaji chanya kidogo na upande mwingine wenye chaji hasi kidogo. Uga wa umeme wa wimbi hubadilisha mwelekeo mara mabilioni kwa sekunde, na molekuli hujaribu kugeuka pamoja nao. Msukosuko huo huwa joto. Mafuta na sukari pia hufyonza mawimbi, lakini barafu hufyonza kidogo sana kwa sababu molekuli zake zimeshikana.

Watu wengi huamini kwamba maikrowevu hupika chakula kuanzia ndani kwenda nje. Hilo si kweli. Mawimbi huingia sentimita chache tu. Katikati ya kipande kikubwa hupata joto linalosafiri polepole kutoka sehemu ya nje, kama ilivyo katika jiko lolote. Tena mawimbi yanayorudishwa na kuta za chombo hukutana na kufanya baadhi ya sehemu ziwe na joto kali na nyingine zibaki baridi. Sahani inayozunguka hupunguza tofauti hiyo bila kuiondoa kabisa.

Maadamu chakula kina maji, joto lake halipandi sana kupita nyuzi 100 za selsiasi. Rangi na harufu ya nyama choma au mkate hutokea vizuri katika joto la nyuzi 140 na zaidi. Ndiyo maana nyama iliyopikwa katika maikrowevu hufanana na ya kuchemsha.

Historia

Magnetroni yenye nguvu kubwa ilitengenezwa mwaka 1940 na John Randall na Harry Boot katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kwa ajili ya rada za vita. Mwaka 1945 Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon nchini Marekani, aligundua kwamba kitafunwa kitamu kilichokuwa mfukoni mwake kimeyeyuka alipokuwa karibu na magnetroni inayofanya kazi. Baadaye alijaribu kwa mahindi, yakawa bisi. Mwaka huohuo aliomba hataza ya njia hiyo ya kupikia, akapewa mwaka 1950.

Maikrowevu ya kwanza kuuzwa, iliyoitwa Radarange, ilitoka mwaka 1947. Ilikuwa na kimo cha mita 1.8 hivi na uzito wa kilogramu 340 hivi, hivyo haikufaa kwa jiko la nyumbani. Kampuni ya Tappan ilitoa chombo cha kwanza cha majumbani mwaka 1955, lakini bei yake ilikuwa kubwa. Mwaka 1967 kampuni ya Amana ilitoa maikrowevu ndogo ya kuweka mezani kwa bei ya dola 495, na tangu hapo chombo hiki kilianza kuenea.

Matumizi ya kila siku

Kupasha kiporo

Hii ndiyo kazi ya kawaida zaidi. Wali hunyunyiziwa kijiko kimoja au viwili vya maji na kufunikwa, ili mvuke uulainishe tena. Ugali uliolala hukatwa vipande, hunyunyiziwa maji na kufunikwa vilevile. Chapati hufungwa kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo na kupashwa kwa sekunde 20 hadi 30. Ikizidi hapo hupoteza maji na kuwa ngumu mara inapopoa. Mchuzi wa nazi hupashwa kwa nguvu ya kati na kukorogwa, ili tui lisikatike.

Chakula kikipangwa kwa duara na katikati kukaachwa wazi, joto huenea vizuri kuliko kikirundikwa. Vyakula vya kukaanga, kama sambusa na chipsi, hulegea katika maikrowevu. Hivyo hupashwa vizuri zaidi katika oveni au kikaango.

Kuyeyusha chakula kilichogandishwa

Barafu ikianza kuyeyuka kwenye kingo za nyama, maji yanayotokea hufyonza mawimbi kuliko barafu iliyobaki. Matokeo yake kingo huanza kuiva wakati katikati bado ni jiwe. Kwa hiyo hutumika nguvu ndogo, ambapo katika maikrowevu nyingi magnetroni huwaka na kuzimika kwa zamu na kulipa joto muda wa kusambaa. Nyama, kuku au samaki hugeuzwa mara kwa mara, na hupikwa mara tu baada ya kuyeyuka, kwa sababu sehemu zilizopata joto huweza kukuza bakteria.

Kupika

Mboga huiva vizuri zikiwekwa katika bakuli lenye maji kidogo na kufunikwa. Kwa kuwa maji ni machache na muda ni mfupi, vitamini C hupotea kidogo kuliko mboga inapochemshwa katika maji mengi. Kiazi mviringo au kiazi kitamu huoshwa, hutobolewa kwa uma mara kadhaa ili mvuke utoke, kisha hupikwa na ganda lake. Kimoja cha wastani huchukua dakika 5 hadi 8 kulingana na nguvu ya chombo. Kiasi cha chakula kikiongezeka maradufu, muda nao hukaribia kuwa maradufu.

Maharage makavu yanafaa zaidi kupikwa katika sufuria. Maharage mekundu mabichi yana lektini, kemikali inayosababisha kutapika, ambayo huharibiwa kwa kuloweka na kuchemsha kwa nguvu hadi yaive kabisa.

Kazi ndogondogo

Maikrowevu hutumika pia kuyeyusha siagi au chokoleti kwa vipindi vifupi, na kulainisha asali iliyoganda katika chupa ya kioo isiyo na kifuniko.

Vyombo vinavyofaa

Kioo kinachostahimili joto na kauri isiyo na nakshi za dhahabu au fedha vinafaa. Sufuria, vijiko na karatasi ya alumini huweza kutoa cheche. Plastiki hutumika tu ikiwa imeandikwa kuwa inafaa kwa maikrowevu. Makopo ya siagi na mifuko ya kawaida huweza kuyeyuka. Kifuniko kisibane kabisa, kwani mvuke uliofungiwa huweza kupasua chombo au kumuunguza anayefunua.

Usalama

Kupasha kiporo hakuondoi hatari zote. Wali una mfano unaojulikana: bakteria Bacillus cereus hutengeneza spora zinazoweza kubaki hai wali unapochemka. Wali ukiachwa kwenye joto la kawaida kwa saa nyingi, kama vile usiku kucha ndani ya sufuria, spora huota, bakteria huongezeka na huweza kutoa sumu isiyoharibiwa kwa kupasha tena. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, kihifadhiwe chini ya nyuzi 5, na kinapopashwa kifike nyuzi 70 katika sehemu zote. Moshi kutoka kwenye kingo hauthibitishi kuwa katikati pamefika joto hilo.

Maziwa ya mtoto mchanga hayafai kupashwa katika maikrowevu. Chupa huweza kuwa vuguvugu kwa nje huku ndani mna sehemu zinazoweza kuunguza mdomo na koo. Chupa huwekwa katika bakuli la maji ya moto badala yake.

Maji katika kikombe laini huweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa mapovu, kisha yakafoka ghafla yanapotikiswa au kuwekewa majani ya chai. Kuweka kijiti cha mbao ndani ya kikombe kabla ya kupasha, na kutozidisha muda, hupunguza hatari hiyo. Yai lenye ganda hupasuka, hata likiwa limechemshwa awali.

Mawimbi ya maikrowevu hayakifanyi chakula kuwa na mnururisho, na hukoma mara chombo kinapozimwa. Wavu wa metali ulio kwenye mlango una matundu madogo sana kuliko urefu wa wimbi, hivyo huyazuia yasitoke. Chombo ambacho mlango wake umepinda, haufungi vizuri au umevunjika hakipaswi kutumiwa. Vilevile hakiwashwi kikiwa kitupu, kwa kuwa mawimbi yasiyofyonzwa huweza kuharibu magnetroni.

Umeme na usafi

Nguvu iliyoandikwa kwenye chombo, kwa kawaida wati 600 hadi 1,200, ni ile inayofika kwenye chakula. Umeme unaovutwa ni mwingi zaidi. Maikrowevu inayovuta wati 1,500 kwa dakika 4 hutumia kilowati-saa 0.1, yaani sehemu ya kumi ya uniti moja ya umeme. Kwa sahani moja ya kiporo kiasi hicho ni kidogo, lakini kwa sufuria kubwa ya familia faida hiyo hupungua.

Matone ya chakula yaliyobaki ndani hufyonza mawimbi na huweza kuungua. Ili kuyalainisha, bakuli la maji yenye vipande vya limau hupashwa kwa dakika chache, huachwa litulie mlango ukiwa umefungwa, kisha kuta hufutwa kwa kitambaa.