Mbabe Asiye na Ujana: Joseph Olita, Idi Amin na Kumbukumbu ya Meru na Embu

Uhakiki wa filamu katika Afrika ya Mashariki umeelekea kuzipuuza filamu za gharama ndogo pamoja na waigizaji wake. Aghalabu mwigizaji wa nafasi za kibabe huhesabiwa kuwa kiwiliwili tu, yaani kimo, kifua na sauti. Makala haya yanamchunguza Joseph Olita, Mkenya wa Siaya aliyefariki mwaka 2014, kwa kushikilia kwamba ufinyu wa mhusika aliyemwigiza haukutokana na upungufu wa mwigizaji. Ulitokana na historia iliyokatwa.

Olita hakuwa wa kwanza kumwigiza Idi Amin. Godfrey Cambridge, Mmarekani, alifariki Novemba 1976 akiwa kazini katika filamu ya Victory at Entebbe, na nafasi yake ikachukuliwa na Julius Harris. Mapema mwaka 1977, Yaphet Kotto aliigiza nafasi iyo hiyo katika Raid on Entebbe. Kiini cha filamu hizo ni mateka wa Entebbe. Amin yumo pembeni. Sharad Patel ndiye aliyemweka katikati, katika Amin: The Rise and Fall (1981), akamkabidhi Olita nafasi hiyo. Kejeli ya uteuzi huo ni dhahiri: mnamo Februari 1976 Amin alidai kuwa sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa ya Uganda. Mwana wa ardhi iliyodaiwa ndiye aliyekuja kumvaa mdai.

Kifani, filamu hii inachanganya ushahidi na vitisho. Denis Hills, Mwingereza aliyehukumiwa kifo na serikali ya Amin mwaka 1975, anajiigiza mwenyewe. Papo hapo, hadhira inaoneshwa Amin akila nyama ya mtu. Kuwapo kwa shahidi halisi kunauazima uvumi sura ya ukweli. Olita humpa mhusika wake kicheko na mzaha kabla ya ghadhabu, lakini mswada unamrudisha kila mara kwenye ukatili usio na chanzo. Kwa istilahi ya uhakiki, huyu ni mhusika bapa, kwani filamu inaanza naye mwaka 1971, akiwa ameshakamilika.

Je, miaka iliyotangulia iko wapi? Amin alijiunga na jeshi la King's African Rifles, yaani Keya, mwaka 1946, na katika miaka ya 1950 alitumika nchini Kenya dhidi ya Mau Mau. Hapa ndipo Meru na Embu zinapoingia. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliwaweka Wakikuyu, Waembu na Wameru katika kundi moja la washukiwa; katika msako wa Nairobi wa Aprili 1954, ndio waliokamatwa kwa maelfu. Si lazima kudai kwamba Amin mwenyewe alipita katika vijiji vya Embu au misitu ya Meru. Jambo la msingi ni kwamba vita hivyo vilikuwa sehemu ya malezi yake ya kijeshi, na kwamba wakubwa waliomlea walimpa kamisheni mwaka 1961. Mtazamaji wa Meru au Embu anayekumbuka hali ya hatari hahitaji kuambiwa kwamba mbabe huyu ni mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka. Sare yake anaijua.

Olita alirudia nafasi hiyo katika Mississippi Masala (1991) ya Mira Nair, filamu inayoanzia Kampala wakati wa kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972. Mwaka 2007, Forest Whitaker alitunukiwa Oscar kwa kumwigiza Amin katika The Last King of Scotland. Kipimo cha haki kati ya wawili hao hakiwezi kuwa tuzo pekee. Hapana budi mhakiki aulize kila mmoja alipewa mtu wa namna gani amwigize. Olita alipewa dikteta asiye na ujana. Kumwita mwigizaji wa kiwiliwili tu ni kumtwika yeye lawama ya mswada, na ni kuwaondolea waliomfunza Amin sehemu yao ya lawama.